Kevin alihesabiwa vibaya, mama hakuhesabiwa kabisa: tujadili muvi za Krismasi za akina mama

Mtoto wa Pasiansi (mwanzisha uzi)
Desemba 28, 2025

Wakuu, habari za Jumapili. Heri ya sikukuu kwa wote, na poleni sana mliopika.

Nina jambo linanikaa kichwani tangu juzi. Nyumbani kwetu hapa Pasiansi, Mwanza, ni kawaida: tarehe 25 jioni watu wakishashiba pilau, watoto wanadai muvi. Mwaka huu mdogo wangu alikuja na flashi aliyojaziwa kule Kirumba. Ndani kulikuwa na Home Alone ya 1990, ile ya mtoto Kevin anayesahaulika nyumbani familia ikisafiri kwenda Paris, akabaki kupambana na wezi, pamoja na ile iliyotoka Desemba hii hii, Oh. What. Fun., aliyocheza Michelle Pfeiffer.

Home Alone nimeiangalia tangu niko darasa la nne. Tofauti ya mwaka huu ni kwamba mama alikaa nasi mwanzo hadi mwisho. Mguu ulikuwa unamsumbua, dada akamkatalia kabisa kurudi jikoni. Nikakaa pembeni yake namtafsiria.

Sisi wote tulikuwa tunasubiri wale wezi wawili waanze kuteleza na kupigwa na makopo ya rangi. Mama hao wezi hakuwajali. Yeye alimshika yule mama wa Kevin, Kate, aliyechezwa na Catherine O'Hara, na hakumwachia. Alimfuata kwenye ndege pale anaposhtuka kwamba mtoto amebaki. Alimfuata uwanja wa ndege Paris, anapowabembeleza wazee wawili wampe nafasi yao, anawatolea pesa, saa, mpaka hereni. Kisha Dallas, kisha Scranton, ambako hakuna ndege tena na anamalizia usiku mzima ndani ya gari la wapiga muziki wa polka na yule bwana mnene mwenye roho nzuri, John Candy. Asubuhi ya Krismasi anafika Chicago, mtoto anamkumbatia. Dakika hiyo hiyo mlango unafunguliwa, wanaingia baba na watoto wengine wote, wamelala, wameoga, na kumbe wamekuja na ile ndege ya asubuhi ambayo yeye hakutaka kuisubiri.

Tukacheka kama kila mwaka. Mama akaniuliza, "Sasa safari yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama amekula?"

Miaka yote hiyo swali hilo halijawahi kunijia.

Tukaweka ile ya pili. Hapo ndipo nilipoona kwamba hizi muvi mbili ni hadithi moja iliyogeuzwa nje ndani. Kwenye ile ya 1990 mama anamsahau mtoto. Kwenye hii ya 2025 familia inamsahau mama. Na angalieni namna wanavyosahauliwa. Kevin aliachwa kwa sababu umeme ulikatika usiku, saa za kengele hazikulia, watu wakaamka wamechelewa, na binamu aliyekuwa anahesabu watoto akamjumlisha mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia mizigo. Hesabu ilikosewa, lakini Kevin alikuwemo kwenye hesabu. Claire wa Michelle Pfeiffer ndiye aliyekata tiketi za onyesho kwa ajili ya familia nzima, nyumbani kwao Houston, na familia ikaondoka kwenda kwenye onyesho hilo hilo yeye akiwa amebaki. Yeye hakuna aliyemhesabu vibaya. Hakuhesabiwa. Akapanda gari lake akaenda California, kwenye kipindi cha televisheni kinachotunuku akina mama, ambako alitamani watoto wake wamwandikie jina lake na hawakumwandikia.

Nikamwangalia mama yangu. Anauza dagaa sokoni Mwaloni tangu nikiwa mgongoni. Tarehe 24 alikuwa mezani kwake mpaka saa nane mchana, maana siku hiyo wasafiri wananunua dagaa wa kupeleka kwao. Kikoba chao cha akiba kilivunja wiki moja kabla ya sikukuu, na mgawo wake nimeuona kwa macho yangu ukigeuka mchele, mafuta, vitenge vya sare vya watu kumi na moja, na nauli ya kurudi ya mjomba. Na kuna kitu kingine, sijui kama wenyeji wa huku mmekiona. Zamani wageni wa Sengerema na Geita walikuwa wanapiga simu wakiwa Busisi, wanasubiri kivuko. Mama alikuwa anapata saa nzima, siku nyingine mbili, za kuongeza sufuria na hata kuketi kidogo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni mwaka huu, zile kilomita 3 juu ya maji ni dakika chache. Krismasi hii wajomba wamepiga simu wako getini. Daraja tunalisifu na linastahili sifa. Ila ile foleni ya kivuko ndiyo iliyokuwa pumzi ya mama, na hakuna aliyeliona hilo.

Hoja yangu ni hii, naomba muipime. Muvi nyingi za kuchekesha kuhusu mama zinamwondoa nyumbani halafu kamera inabaki na sisi: baba anaunguza wali, watoto wanavaa soksi moja moja, mbwa anakula keki. Tunacheka, mama anarudi, anakumbatiwa, imeisha. Hapo bado tumejicheka sisi wenyewe, mama hatujamwona. Nzuri ni ile inayofunga mlango wa nyumba na kupanda gari pamoja naye. Ndiyo maana nusu ya Home Alone ya kina Kate nimeipenda kuliko nusu ya kina Kevin, kwa mara ya kwanza maishani.

Nileteeni nyingine mnazozijua. Na mniambie, kama ni huku kwetu ziwani, mama huyu angeenda wapi?

Binti Nyamagana

Mkuu, hilo swali la "amekula?" limenishika koo. Natoka kwanza kumpigia mama, nitarudi.

Mzee wa Igogo

Mwanangu umeandika vizuri, ila niruhusu nipinge kidogo. Mimi ni baba wa watoto sita na nimelipa ada mpaka wa mwisho. Hizi muvi akina baba wote tunatolewa kama watu tusiojua hata chumvi inakaa wapi. Mimi chumvi naijua ilipo. Mke wangu alipolazwa mwaka juzi nilipika mwezi mzima, tena samaki nilimparua mwenyewe.

La pili, huyo mama wa Houston ana gari lake, ana pesa ya mafuta, ana barabara nzuri mpaka California. Akikasirika anageuza ufunguo. Wa kwetu akikasirika ataenda wapi, na kwa nauli ya nani? Ukimtoa kwa hasira, Januari kuna ada na sare za shule, na anajua kabisa bila yeye hesabu haifiki. Kwa hiyo msituletee muvi ya mama kukimbia mkadhani ndiyo dawa.

Mtoto wa Pasiansi

Mzee wangu, shikamoo. La nauli nimelipokea lote, ni kweli tupu, na mwenye kuandika hadithi ya huku asipoanzia kwenye nauli atakuwa anatudanganya.

La akina baba naomba nikuulize kwa heshima. Ule mwezi uliopika, watu walikuja kukupongeza?

Mzee wa Igogo

Marahaba. Walikuja. Jumuiya nzima ya kanisa ilinisifu, mpaka katekista alinitaja.

Nimekuelewa ulikokuwa unanipeleka. Yeye amepika miaka thelathini na minne.

Binti Nyamagana

Nimerudi. Mama hakupokea, alikuwa anaosha vyombo vya jana.

Mimi naleta A Bad Moms Christmas ya 2017. Nawaonya mapema, ina matusi na mambo ya kikubwa, msiiweke mbele ya watoto wala mbele ya mama mkwe. Ni akina mama watatu, Mila Kunis, Kristen Bell na Kathryn Hahn, wamechoka na sikukuu, halafu mama zao wenyewe wanabisha hodi. Mama wa Mila Kunis ni Christine Baranski, yule mwenye jicho la kukagua. Anapanga sherehe kubwa ambayo hakuna aliyemwomba, kila kitu cha binti yake anakiona pungufu.

Nilivyoiangalia mara ya kwanza nilimchukia yule bibi. Mwaka huu nimejifungua wa pili, nikaiangalia tena, nikaona kitu kingine. Yule bibi naye ni mama asiyepewa shukrani, ila uchungu huo umemgeukia ndani akawa mkali. Alifanya kazi ya Krismasi miaka yote bila kuambiwa asante, mwisho akaanza kuidai asante kwa kelele. Wakuu, mnawajua wa hivyo. Mama wa mume wangu yuko hivyo. Nilikuwa namwona mtu wa kunisakama, kumbe kila akinisahihisha namna ya kukaanga kitunguu ni kama ananiuliza, "Hivi mliwahi kuona nilivyokuwa nakaanga mimi?"

Kwa hiyo kwenye hoja yako naongeza: kamera ikipanda gari na mama, isimfanye malaika. Mama aliyesahaulika muda mrefu anaweza kuwa mgumu kukaa naye, na hapo ndipo kuna kichekesho na kuna ukweli.

Fundi Mwanga

Uzi bora wa Desemba. Mimi nashika kamera za harusi na nimewahi kushika taa kwenye Bongo muvi mbili tatu, kwa hiyo niongee kidogo upande wa hapa nyumbani.

Vichekesho vyetu vilijengwa juu ya mgongo wa baba. Mzee Small, aliyetutoka 2014, na King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, walikuwa mafundi wa hali ya juu. Tulicheka mpaka machozi kwa baba mchoyo, baba mwongo, baba aliyekamatwa. Na nawaenzi, sisemi vibaya. Lakini angalia mke ndani ya hizo kazi anapewa nini: afoke, ashike kiuno, aseme "utanikoma leo". Yeye ni ukuta ambao mpira wa baba unagonga na kurudi. Ukitoka kwenye kichekesho ukaenda kwenye muvi za huzuni, mama ni mgonjwa, au mchawi, au analia kando ya kitanda. Mama mwenye safari yake mwenyewe ya kuchekesha, sikumbuki kushikia taa hata mmoja.

Wanaijeria walijaribu kwenye A Naija Christmas ya 2021, ya Kunle Afolayan. Mama wa wana watatu wa kiume, wote hawajaoa, anawaambia atakayekuwa wa kwanza kuleta mke ndiye atakayerithi nyumba yake. Mama huyo ni Rachel Oniga, na inauma kwamba alifariki Julai mwaka huo huo, kabla haijatoka. Ni muvi ya wana kukimbia huku na huko Lagos, sikatai. Ila kila akitokea yeye kwenye skrini unaona mtu aliyewasubiri watoto muda mrefu akaamua kutumia kitu pekee walichobaki kukitazama, yaani nyumba. Niliipenda kwa ajili yake tu.

Sasa swali lako, mama wa ziwani angeenda wapi. Mimi naiona kabisa. Krismasi asubuhi, nyumba imejaa, mama katumwa na watu watano vitu vitano. Anatoka na kikapu kama anaenda gengeni. Anapita gengeni. Anapita kituo cha daladala. Anateremka bandarini, anapanda meli ya Nansio, kule kisiwani Ukerewe. Simu kaiacha juu ya kabati. Huku nyumbani tunaanza kumtafuta, kule yeye yuko melini anakula karanga, upepo unampiga usoni, anacheka na wanawake wasiomjua. Nipeni mama mmoja na meli moja, nitawapigia hiyo picha bure.

Mkara Halisi

Fundi, picha yako ni nzuri na nimeiona mpaka karanga. Ila mimi ni mtu wa kisiwa cha Ukara. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika kwetu Bwisya. Watu zaidi ya 200 walikufa. Ilikuwa siku ya gulio, akina mama wengi walikuwa wanarudi na bidhaa zao. Na wenye umri wa kutosha hapa mnaikumbuka meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, vile Mwanza ilivyokuwa.

Kwa hiyo mama ametoka, hajasema anaenda wapi, simu haipokelewi, halafu mtu anasema alionekana anapanda meli. Sebuleni kwetu hapo hakuna atakayecheka. Marekani mama akipotea barabarani mtazamaji ana uhakika atarudi. Sisi ziwa limetunyima huo uhakika. Sikatazi meli, meli ndiyo njia yetu na tunaipanda kila wiki. Naomba tu asiondoke kimya.

Fundi Mwanga

Nimekusoma mara mbili, ndugu yangu. Pole sana, nanyi nyote wa Ukara. Nimeifuta hiyo sehemu ya simu kichwani kwangu. Umeninyoosha.

Binti Nyamagana

Basi asiende mbali. Aende Kisesa! Dada yake yuko hapo Bujora, karibu na makumbusho ya Wasukuma. Si safari, ni daladala moja. Anaondoka asubuhi akiwa amewaambia kabisa "naenda kwa mwenzangu", na hakuna aliyesikia kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta chaja.

Kichekesho chote kiwe hapo: wanajaribu kukumbuka mwenzake mama ni nani. Wanaanza kuorodhesha. Mama Neema? Alihama. Yule wa kwaya? Jina lake nani? Watoto watano wazima, wamesoma, hakuna anayejua rafiki wa mama. Wanagombana kuhusu jina la kikoba chake. Na kamera inaruka kwenda Kisesa, mama ameketi kwenye mkeka na dada yake, wanatafuna michembe ya viazi vitamu, wanaongea Kisukuma cha utotoni, na dada mtu anamwita kwa jina ambalo watoto hawajawahi kulisikia.

Mtoto wa Pasiansi

Dada, umeniua na hilo jina. Nimejaribu sasa hivi: mama yangu utotoni alikuwa anaitwaje na wenzake? Sijui.

Mama wa Igoma

Wanangu, mimi si mwandikaji, mwanangu wa mwisho ndiye amenionyesha huu uzi, nami nataka niseme langu.

Hizo muvi sijaziona. Lakini huyo mama aliyetoa hereni kiwanja cha ndege namfahamu. Mimi niliuza kanga zangu za harusi ili mtoto aende kidato cha tano, wala sikuona kama nimefanya ajabu.

Nilichotaka kusema ni hiki. Mnasema mama akimbie, aende Nansio, aende Kisesa. Mimi sitaki kuondoka siku ya Krismasi. Ndiyo siku pekee wanangu wote watano wako chini ya bati moja, niondoke niende wapi? Nikiwa kwa dada yangu nitakuwa nawafikiria. Ninachotaka ni kidogo zaidi ya hapo. Miaka mitatu mfululizo wamenipa zawadi za Krismasi: mwaka wa kwanza seti ya sufuria, wa pili birika la umeme, mwaka huu dishi kubwa la kukandia unga. Nimeshukuru, nao walitoa kwa moyo. Lakini angalieni, vyote ni vya kuwapikia wao. Hakuna aliyeniletea kitu kinachoishia kwangu.

Na picha. Tuna picha za Krismasi kumi nzima ukutani. Mimi nimo katika mbili, tena moja ni mkono umeshika sinia.

Fundi, ukipiga hiyo muvi yako mama asiende popote. Mfuate humo humo ndani, kuanzia saa kumi alfajiri mkaa unapokataa kushika mpaka usiku anapofunga mlango. Mtacheka, maana mambo mengi ya jikoni yanachekesha, sisi wenyewe tunacheka sana humo, ninyi hamko tu.

Fundi Mwanga

Mama, shikamoo. Nimeandika kila neno. Hiyo ya "ninyi hamko tu" ndiyo muvi yenyewe. Naomba ruhusa yako kuitumia.

Mama wa Igoma

Marahaba baba. Tumia.

Mzee wa Igogo

Nimehesabu za ukutani kwetu baada ya kusoma. Picha kumi na nne. Mke wangu yumo kwenye tatu. Kwenye moja amefumba macho, na ndiyo tuliyoitengenezea fremu kwa sababu mimi nimetoka vizuri.

Nimemwita fundi picha wa hapa mtaani aje Jumamosi.

Mtoto wa Pasiansi
Januari 4, 2026

Wakuu, heri ya Mwaka Mpya. Naleta mrejesho.

Baada ya ule ujumbe wa Mama wa Igoma niliona sina haki ya kuendelea kubuni mama yangu angeenda wapi wakati yuko chumba cha pili. Nikamfuata Mwaloni siku ya Ijumaa, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamsaidia kuchambua dagaa huku tunaongea. Nikamwuliza: kama ungekuwa yule mama wa muvi mwenye gari, ungeenda wapi?

Nilidhani ataniambia haendi popote. Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Nansio." Kuna mwenzake walianza naye biashara ya dagaa, mimi nikiwa bado mgongoni. Mwenzake aliolewa Ukerewe, wakawa wanasalimiana kwa wachuuzi wanaovuka, baadaye kwa simu. Hawajaonana ana kwa ana tangu nikiwa darasa la pili. Kutoka pale tulipokaa ziwa lote liko mbele yako, na kila siku anaziangalia boti zinazotoka upande huo.

Nikamwuliza na lile jingine, wenzake walikuwa wanamwitaje. Akacheka mpaka akafunika uso kwa kanga. Jina amenitajia lakini amenikataza kuliandika popote, kwa hiyo nitanyamaza.

Kina dada wamechanga, nami nimekata tiketi, kwenda na kurudi. Anaondoka Jumatano. Simu anayo, imejazwa salio, na nyumba nzima inajua saa ya kuondoka na saa ya kufika. Meza yake Mwaloni nitaisimamia mimi siku tatu. Ameshanifundisha bei, na ameniambia nisikubali mtu aniambie dagaa wa juzi ni wa leo.

Mkara Halisi, kama upo upande wa Nansio Jumatano, naomba uniambie hali ya ziwa.

Mkara Halisi

Nipo. Nitakuandikia asubuhi kabla hajatoka nyumbani, na nitakuwa gatini meli ikifunga. Niambie atavaa kitenge cha rangi gani.

Mtoto wa Pasiansi

Cha bluu, kile cha sare ya Krismasi. Na mwambie tumeuliza kama amekula.